Juu ya Maneno Yasiyofahamika Katika Nyimbo za Kale za Ungoni

Katika nchi ya Ungoni, tangu hapa Mjimwema hata Peramiho na vijiji vilivyo mbele yake, zipo nyimbo za kale ambazo wale waziimbao hawajui maana ya maneno yake yote. Huziimba kwa sauti iliyo sawa na kwa mwendo wa miguu usiokosea, lakini ukimwuliza mwimbaji, "Neno hili maana yake nini?" atakujibu kwamba ndivyo walivyoimba wazee. Jambo hili laonekana kuwa dogo, walakini limekuwa chanzo cha makosa mengi katika kuzieleza nyimbo hizo mashuleni, katika mashindano ya ngoma, na katika maandishi. Nataka kuyapima makosa hayo moja moja, kisha nionyeshe kwamba neno lisilofahamika si tundu lililotoboka katika wimbo, bali ni shahidi wa habari za watu walioupokea.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi lugha ilivyobadilika katika nchi hii. Wangoni walitoka kusini, katika jamaa ya watu wasemao lugha kama Kizulu, Kiswazi na Kixhosa. Waliondoka huko katika vita na misukosuko ya mwanzo wa karne ya 19, wakavuka mto Zambezi, na katikati ya karne hiyo wengine wao wakafika katika nchi iitwayo leo Songea. Njiani waliteka watu wa makabila mengi, na huku nako wakawakuta Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengine, wakawaweka chini ya utawala wao. Wenye asili ya kusini walikuwa wachache, na waliotekwa walikuwa wengi. Watawaliwa hao waliitwa Wasutu, na lugha yao Kisutu.

Padre Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, alitoa mwaka 1904 maandishi yake juu ya lugha za hapa, akayaita Kingoni na Kisutu. Tazama, msomaji: alitaja lugha mbili, wala si moja. Mwaka uliofuata, naye akiwa askofu, aliuawa katika vita vya Majimaji. Baadaye Padre Elzear Ebner, mwandishi wa historia ya Wangoni iliyochapwa Peramiho mwaka 1987, aliandika sarufi ya lugha aliyoiita Kingoni kipya. Kingoni kipya hicho ndicho wasemacho watu leo, nacho kwa asili ni lugha ya watawaliwa iliyovikwa jina la watawala. Lugha ya kusini ilikufa katika mazungumzo ya nyumbani, ikabaki katika majina ya koo, katika vyeo, katika sifa za wakubwa, na katika nyimbo. Kwa hiyo mtu aimbaye wimbo wa kale wa vita leo ni kama mtu aliyerithi sanduku la babu yake bila ufunguo.

Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba maneno hayo hayana maana, eti ni vibwagizo vya kujaza mwendo wa ngoma. Hawa hukata shauri upesi mno. Kutojua kwetu si dalili ya kwamba hakuna cha kujulikana. Tena maana ya neno haimo katika tafsiri yake peke yake; imo pia katika kazi yake. Chukueni neno Bayete. Kwa Wazulu, na kwa Wangoni wa Malawi na wa Zambia, hilo ndilo neno la kumwamkia mfalme. Ukiwataka watu walioko uwanjani wakutafsirie neno hilo, wengi watashindwa. Lakini hakuna hata mmoja atakayekosa kujua lisemwe kwa nani, lini, na kwa sauti gani. Je, tutasema neno hilo halina maana? Maana yake ni ule mkono unaoinuliwa na ule umati unaonyamaza.

Mkristo hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Neno Hosana ni la Kiebrania, na asili yake ni ombi, maana yake utuokoe. Lakini siku ya Matawi, waumini wanapoingia kanisani na makuti yao, hawaliimbi kama watu wanaoomba, bali kama watu wanaoshangilia. Ombi limegeuka kuwa shangwe. Yeye alijuaye kwa maana ya kitabu tu, na yeye alijuaye kwa kazi yake tu, kila mmoja ana nusu ya neno.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu huvaa nguo za elimu. Ni la wale wanaosikia neno la kale, wakalitafutia neno la Kiswahili lililo karibu nalo kwa sauti, wakasema, "Hii ndiyo maana." Nitatoa mfano ulio wazi. Tuseme katika wimbo wa kale limo neno sala. Mwalimu wa dini atafurahi, aseme kwamba babu zetu waliomba kabla ya kwenda vitani, na wimbo huu ni sala yao. Lakini katika Kizulu sala ni kubaki. Na mtu aondokaye humwambia abakiye sala kahle, yaani baki salama. Neno letu la sala ya kanisani limetoka katika Kiarabu, nalo halina udugu na lile la kusini. Udugu upo kwingine, katika neno letu la kusalia, yaani kubaki baada ya wengine kuondoka. Basi penye kuagana, yule mwelezaji ameweka kuomba. Wimbo wa mtu amwachaye mkewe mlangoni umegeuzwa kuwa wimbo wa mtu apigaye magoti.

Mifano ya namna hii ni mingi. Bona kwa Kizulu ni kuona. Asiyejua atalisikia kama mbona, akageuza habari kuwa swali. Thanda ni kupenda. Masikioni mwetu ni kutanda, kama wingu. Vuma ni kukubali, na pia ni kuitikia wimbo; kwetu kuvuma ni kwa upepo, au kwa jina la mtu mashuhuri. Mwelezaji mmoja aweza kwa siku moja kugeuza wimbo wa mapenzi na makubaliano ukawa wimbo wa mawingu na upepo, na watoto thelathini wakayaandika hayo katika madaftari yao. Tangu siku ile uongo umepata mizizi, maana kilichoandikwa huaminiwa kuliko kilichosemwa.

Mtu aweza kuuliza, "Basi, tukifungua kamusi ya Kizulu hatutapotea tena?" La, hata hapo twaweza kupotea, kwa maana kamusi nayo ina vishawishi vyake. Ukoo wa Gama ni mashuhuri huku. Ndio ukoo wa Nkosi Mputa, aliyekuwa mtawala wa Njelu wakati wa Majimaji. Nalo neno igama kwa Kizulu ni jina, tena hutumika kwa wimbo. Ni rahisi kuruka na kusema kwamba hao ni ukoo wa waimbaji, au ukoo wenye jina kuu. Neno hilo lingependeza masikio, lakini halina ushahidi. Kufanana kwa sauti ni mlango wa kubishia hodi, si ruhusa ya kuingia ndani.

Kosa la tatu ni la yule aliyelipata neno sawasawa, akadhani kazi imekwisha. Maneno huhama kama watu, nayo yakifika ugenini hupewa kazi mpya. Tuliangalie neno Nkosi. Kwa Wangoni wa Songea ndicho cheo cha mtawala: Nkosi Mputa wa Njelu, Nkosi Chabruma wa Mshope. Huko kusini wahubiri wa Injili walilichukua neno lilo hilo wakamwita nalo Bwana Mungu. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu katika Afrika ya Kusini, alitunga kwa Kixhosa wimbo unaoanza na neno hilo. Sauti ya wimbo wake ikasafiri, na tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 ndiyo sauti ya Wimbo wa Taifa letu. Na pale penye Nkosi, sisi twaimba Mungu.

Fikirini ajabu ya jambo hili. Mtoto wa Songea asimamapo mbele ya bendera asubuhi, aimba sauti ambayo neno lake la kwanza, kwa lugha yake ya asili, ni lile lile ambalo babu zake walimwitia mtawala wao. Waliolitafsiri kwa Kiswahili hawakukosea. Wangaliandika mfalme au mtawala kwa kufuata kamusi tu, wangaliharibu wimbo. Walitazama neno lilikuwa likifanya kazi gani kinywani mwa Sontonga, wakatafuta neno la Kiswahili lifanyalo kazi ile ile. Hiyo ndiyo tafsiri. Lakini mtu akiuchukua wimbo wa kale wa Ungoni, akaona Nkosi, naye akaandika Mungu kwa kuufuata mfano huo, atakuwa amemfanya Mputa kuwa Mwenyezi. Neno ni moja. Kazi ni mbili.

Hata neno ambalo kila mtu analijua laweza kutudanganya hivyo. Hakuna neno jepesi kuliko maji. Lakini tangu mwaka 1905 hata 1907, katika nchi ya kusini, neno hilo lilikuwa dawa, kiapo, tumaini, na mwisho msiba. Katika mazungumzo ya siku zote, majimaji ni hali ya kitu kilicholowa. Katika historia, ni jina la vita vilivyoua watu wengi mno kwa risasi na kwa njaa. Mji wetu waitwa kwa jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wakubwa wengine. Mwimbaji wa hapa akilitaja neno maji katika wimbo wa vita hivyo, kamusi itatuambia tu kwamba ametaja kile kinachotoka kisimani.

Hapa yafaa tulinganishe wimbo na utenzi. Vita hivyo vilitungiwa utenzi huko Lindi na Abdul Karim bin Jamaliddini. Ulichapwa mwaka 1933, ukachapwa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kila neno la utenzi huo limehifadhiwa, na msomaji aweza kulirudia atakavyo. Lakini sauti ya mtunzi akiughani haimo katika karatasi. Nyimbo za Ungoni zimekuwa kinyume chake: sauti imehifadhiwa kwa vinywa na miguu, na maneno yamechakaa njiani. Kalamu hutunza neno na kupoteza sauti. Kinywa hutunza sauti na kupoteza neno. Mwenye kuhukumu vitu hivi viwili kwa kipimo kimoja hatatenda haki kwa chochote.

Wala si kila maana hutaka neno. Katika ngoma ya mganda, ijulikanayo sana upande wa Nyasa na hata huku, wachezaji hujipanga kwa safu kama askari wa gwaride, na vibuyu vya kupuliza hushika sauti ya wimbo. Kibuyu hakisemi neno lo lote. Hata hivyo watazamaji wajua pale penye majivuno na pale penye mzaha. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alihangaika na jambo hilo: aliogopa kwamba sauti tamu yaweza kumgusa mtu kuliko maneno yaimbwayo. Lakini katika maelezo yake ya Zaburi aliwataja kwa wema wavunaji ambao furaha ikiwazidi huyaacha maneno, wakabaki na sauti tupu. Hakuona haya kuyasema yote mawili. Nasi tusione haya.

Na je, Kanisa lenyewe? Waroma waliposali kwa Kilatini, maneno ya Kigiriki Kyrie eleison yalidumu katika Misa yao. Mapadre walipotuletea Misa hiyo ya Kilatini, wazee wetu waliyaimba maneno hayo miaka mingi, hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za watu kwa hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963. Maneno yale ya Kigiriki hayakuwa tundu katika Misa. Yalikuwa kumbukumbu ya kwamba imani hiyo ilipita kwa Wagiriki kabla ya kufika Roma. Kila aliyeyaimba, ajue asijue, alikuwa akiitaja njia iliyopitwa na imani yake.

Hapo ndipo ninapopaona penye kiini cha neno langu. Neno la kale lisilofahamika katika wimbo wa Kingoni latuambia jambo, nalo ni hili: kati ya waliotunga wimbo na wanaouimba walisimama akina mama wa lugha nyingine. Wapiganaji walioa wanawake waliotekwa, na watoto walijifunza kusema kwa mama zao. Baba alimfundisha mwanawe wimbo wa vita; mama alimfundisha kuomba maji, kutaja mvua, kumwita nduguye. Mungu katika Kingoni cha leo huitwa Chapanga, na jina hilo silo la Kizulu, kwa maana Wazulu husema uNkulunkulu. Watawala walitwaa mifugo, mashamba na watu. Lakini katika lugha ya nyumbani walioshinda ni wale walioshindwa. Mama hakushika mkuki wala hakutunga sifa zake mwenyewe. Alama yake katika wimbo wa vita ni pale mwanawe anapolitamka neno asilolijua.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba kuyajaza maneno hayo maana za kubuni si kosa la lugha tu, ni dhuluma. Siku hizi wimbo wa kale ukipelekwa katika sherehe, mara nyingi mshereheshaji hueleza kwamba ni wimbo wa umoja na amani. Umoja na amani ni vitu vyema, nami sivipingi. Lakini baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa za watu waliokwenda kuteka watu, na wengi wa waimbaji wa leo ni wajukuu wa waliotekwa. Mtu akiimba wimbo wa yule aliyemteka bibi yake, akauimba kwa fahari kama wimbo wake mwenyewe, hiyo ni habari kubwa ya jinsi taifa linavyozaliwa. Ukiufunika kwa neno amani, umemwondoa mtekaji, umemwondoa na mtekwaji. Na umoja uliopatikana kwa taabu nyingi waonekana kana kwamba haukugharimu kitu.

Najua jibu litakalotolewa. Wengine watasema, "Wimbo usiofahamika hauwezi kufundisha. Afadhali tuugeuze kwa Kiswahili, watoto waelewe." Hoja hii ina nguvu, na Mtume Paulo mwenyewe aliwataka Wakorintho waimbe kwa akili pia, si kwa roho tu. Lakini kugeuza ni kazi moja, na kueleza ni kazi nyingine. Atakaye kutunga wimbo wa Kiswahili kwa sauti ya kale na atunge, kama ilivyofanyika kwa sauti ya Sontonga. Huo utakuwa wimbo mpya, wenye maisha yake na haki yake. Asiseme tu kwamba huo ndio wimbo wa babu, wala asiufute ule wa kwanza.

Kwa mwalimu atakaye kuzikusanya nyimbo hizi, nashauri aandike mambo manne kwa kila wimbo. La kwanza, maneno kama yatamkwavyo na mwimbaji, bila kuyasahihisha. La pili, mahali na wakati wake: ni wa arusi, wa msiba, wa shamba, au wa vita, nani huanza, nani huitikia. La tatu, maana waitoayo wazee, hata kama wazee wawili wapingana. Maana hata maelezo yaliyokosea ni sehemu ya maisha ya wimbo, mradi yaandikwe kama maelezo ya fulani, si kama kamusi. La nne, maneno ya lugha za kusini yanayofanana nayo kwa sauti na pia kwa kazi. Pasipo na yote mawili, na aache nafasi tupu. Nafasi tupu katika daftari si aibu. Ni heshima kwa aliyetunga, na ni kiti kilichowekwa kwa ajili ya atakayekuja akijua zaidi.

Jambo la mwisho ni la haraka. Sauti ya wimbo yaweza kuishi miaka mia bila maana, kama tulivyoona. Lakini maelezo ya mzee ajuaye wimbo huu uliimbwa mlangoni kwa nani na kwa sababu gani hayaishi baada yake hata siku moja. Kamusi ya Kizulu tutaikuta kesho na keshokutwa. Basi tuanze na wazee, kamusi ifuate nyuma.